Beji ya Dereva Isomwe, Isiuzwe

Mtu atokaye Mbarara kwenda Rugaaga, wilayani Isingiro, huenda akabadili chombo mara mbili au tatu kabla ya kufika. Hupanda teksi ya abiria kumi na wanne, hushuka, huchukua pikipiki. Na kama shida yake imo ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hukodi pikipiki nyingine tena. Katika safari yote hiyo huwakabidhi watu watatu roho yake na mzigo wake, naye hajui jina la hata mmoja wao. Ukimpotea mfuko, au akiumizwa, au binti yake aliyempakia jioni asifike nyumbani, ataulizwa katika kituo cha polisi: ni nani aliyekuchukua? Naye atajibu kama wajibuvyo wote: ni kijana mmoja, mrefu kidogo, mwenye koti jeusi.

Kwa jibu la namna hiyo hakuna askari awezaye kufanya upelelezi. Hii ndiyo sababu yetu ya kuunga mkono, bila kuuma maneno, sharti la kwamba kila dereva wa teksi, wa gari la kukodi na wa bodaboda avae beji kifuani, yenye picha yake, jina lake, namba yake na jina la steji yake. Lakini kuunga mkono si kufumba macho. Beji ni kipande cha plastiki tu. Huwa na maana pale askari anapoisoma, na hukosa maana siku ile askari anapoigeuza kuwa mlango mwingine wa kuombea fedha. Maneno yetu ya leo, kwa hiyo, twayaelekeza kwa wenye sare kuliko kwa madereva.

Askari wa nchi hii hawana haja ya kufundishwa hatari ya mpanda pikipiki asiyejulikana. Tarehe 17 Machi 2017 Mkuu Msaidizi wa Polisi, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa pamoja na mlinzi wake na dereva wake karibu na nyumbani kwake Kulambiro. Tarehe 8 Juni 2018 mbunge wa Arua, Ibrahim Abiriga, aliuawa pamoja na mlinzi wake na watu waliokuwa juu ya pikipiki. Tarehe 1 Juni 2021 ilikuwa zamu ya Jenerali Katumba Wamala, ambaye amepata kuongoza polisi na baadaye majeshi yote ya ulinzi. Yeye alinusurika na majeraha, bali binti yake na dereva wake walikufa. Wauaji walikuwa tena juu ya pikipiki. Na Jenerali huyo, katika siku zile, alikuwa ndiye Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, wizara ile ile inayoshughulika na leseni za vyombo vya abiria.

Serikali haikukaa kimya. Tarehe 20 Juni 2018 Rais Museveni alilihutubia Bunge, akataja miongoni mwa hatua za usalama kofia za wapanda pikipiki zenye namba zinazong'aa, mbele na nyuma, na namba za kielektroniki kwa vyombo vyote. Mpango wa namba hizo za vyombo ulizinduliwa mwaka 2023. Hatua hizo ni njema. Hata hivyo namba ya chombo hukitambulisha chombo, haimtambulishi mtu. Pikipiki nyingi zifanyazo kazi vijijini si mali ya wale wanaoziendesha. Mwenyewe yuko mjini. Asubuhi huendesha kijana huyu, usiku huendesha mwingine, na Jumapili huazimwa na shemeji. Ukiishika namba umempata mwenye chombo, naye atakuapia kwamba siku hiyo alikuwa kanisani. Na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Ile nafasi iliyo kati ya mwenye chombo na mwendeshaji ndiyo beji inapaswa kuiziba.

Wazo hili si geni, wala si la jana. Jiji la London liliwapa madereva wa magari ya farasi ya kukodi beji za namba tangu mwaka 1838, na sheria ya mwaka 1843 ikawalazimisha kuzivaa wakati wote wa kazi. Kuanzia mwaka 1850 ofisi ya leseni hizo ilikuwa chini ya polisi wa jiji hilo, ikabaki kwao kwa miaka mia na hamsini, hadi mwaka 2000. Farasi wametoweka, beji zipo. Tukiuliza kwa nini imedumu, jibu ni kwamba abiria ndiye aliyeishika. Mtu aliyesahau mwavuli, mtu aliyetozwa nauli isiyo halali, mtu aliyetukanwa, wote walijifunza kuitazama ile namba na kuikumbuka.

Karibu na kwetu zaidi, Kenya ilijaribu jambo hilo kwa kishindo. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alitoa kanuni mwaka 2003, zikaanza kutumika tarehe 1 Februari 2004: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni mwa matatu, na madereva na makondakta wenye sare, beji na hati ya polisi ya tabia njema. Siku zile za mwanzo magari mengi yaliondolewa barabarani na watu wakaenda kazini kwa miguu, lakini Waziri hakutetereka, na kwa muda matatu zikawa na adabu. Kisha taratibu ikaja ile hali tunayoijua sote katika Afrika Mashariki. Mkanda ukakatika, haukushonwa. Beji ikaazimwa. Tarehe 12 Novemba 2018 serikali ya nchi hiyo ilibidi ianze upya msako wa kuzisimamia kanuni zile zile, miaka kumi na minne baada ya kuanza kutumika, na sheria yenyewe ilikuwa haijafutwa hata siku moja.

Ni nini basi kilichokuwa kimelala? Tusitafute mbali. Huwezi kuwa na beji ya kuazima isipokuwa kuna askari anayetazama kama beji ipo, asitazame ni ya nani. Tuchukue kizuizi cha barabarani, popote pale. Pikipiki inasimama, askari anaona kadi inaning'inia shingoni, anapunga mkono, pita. Hakusoma jina. Hakulinganisha picha na uso. Hakuuliza, wewe ni wa steji gani, na mwenyekiti wenu ni nani? Maswali hayo matatu hayachukui hata dakika moja, nayo humkamata mwizi kuliko bunduki, kwa kuwa mtu aliyevaa jina la mwenzake hujikwaa katika swali la pili.

Na kuna kizuizi cha namna nyingine, ambacho twakitaja kwa masikitiko. Askari anamsimamisha kijana asiye na beji, au ambaye beji yake imefutika kwa jasho na vumbi, anamwambia, zungumza vizuri. Kijana anazungumza vizuri kwa noti moja, anaondoka bila beji, na kesho yake anapita tena bila beji, kwa maana amekwisha kuilipia. Hapo sheria imeuzwa, tena kwa bei ndogo kuliko bei ya beji yenyewe. Taratibu za faini za papo kwa papo zipo nchini. Dereva huandikiwa karatasi, hupewa siku ishirini na nane, hulipa benki. Hakuna fungu lolote la sheria linalompa askari ruhusa ya kupokea fedha hizo mkononi chini ya mwembe.

Sasa tuje Rugaaga yenyewe, kwani huko jambo hili lina uzito ambao Kampala haliupati. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi katika Afrika. Wanyarwanda walipewa hifadhi huko tangu wakati wa kukaribia uhuru wetu. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, zaidi ya watu laki moja, na wengine wakaongezeka tangu vita vya Kivu Kaskazini vilipowafukuza watu Bunagana mwezi Juni 2022. Vijana wao wengi wamefanya kile ambacho kila kijana asiye na shamba la kutosha hufanya: wametafuta pikipiki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imewapa haki ya kufanya kazi na haki ya kutembea nchini. Humchukua mama mjamzito usiku wakampeleka kituo cha afya cha Rugaaga. Asubuhi hupakia ndizi za Mnyankole. Steji moja huweza kuwa na mzaliwa wa Isingiro, Mkongo wa Rutshuru na Mrundi, wakikopeshana mafuta.

Wapo wasemao kwamba mkimbizi avae beji ya rangi yake, ili ajulikane kwa mbali. Sisi twalipinga wazo hilo, na twataka askari wajue sababu.

Afrika Mashariki inayo kumbukumbu ya kitambulisho kilichotundikwa shingoni. Katika Kenya ya wakoloni, tangu mwanzo wa miaka ya 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka kumi na sita alilazimishwa kuwa na kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za mabwana aliowatumikia, ndani ya kikopo cha chuma alichokivaa kwa kamba. Kipande hakikukusudiwa kumlinda yeyote aliyekivaa. Kazi yake ilikuwa kumzuia mtu asimwache mwajiri wake. Harry Thuku alipokipinga pamoja na kodi na kazi za lazima, alikamatwa. Na watu walipokusanyika mjini Nairobi tarehe 16 Machi 1922 kudai aachiliwe, walifyatuliwa risasi, na zaidi ya ishirini wakafa. Kati ya waliofyatua walikuwamo askari Waafrika, wenye sare kama hizi.

Beji ya dereva ni kitu kingine, mradi ibaki kuwa beji ya kazi. Abiria anataka kujua mambo mawili: huyu ni nani, na nikiwa na malalamiko niende wapi? Hayo hujibiwa na jina, picha, namba na steji. Kwamba baba yake alizaliwa Rutshuru au Kabingo hakumsaidii abiria kwa lolote. Habari hizo mahali pake ni katika daftari la uandikishaji, ambalo askari mwenye shauri la kupeleleza anaweza kulifungua kwa idhini ya mkubwa wake. Tukiweka uraia kifuani tutakuwa tumewaonyesha askari wavivu ni nani wa kusimamisha kwanza, na wezi nao tutakuwa tumewaonyesha ni nani asiyeweza kushtaki. Tusisahau kwamba wapanda pikipiki wenyewe huuawa kwa ajili ya pikipiki zao. Kijana mgeni aliyenyang'anywa chombo usiku na asiyethubutu kufika kituoni kwa hofu ya kuulizwa karatasi ni shahidi tuliyempoteza.

Kwa hiyo twashauri kuwe na daftari moja kwa steji zote za Rugaaga na Nakivale, litunzwe pamoja na polisi, viongozi wa tarafa ndogo na wakuu wa makazi, na beji iwe ya aina moja kwa wote. Bei yake iwe ndogo, na risiti itolewe. Anayehama steji airudishe. Anayekufa irudishwe na mwenyekiti. Inayopotea itangazwe siku hiyo hiyo, la sivyo tutakuwa tumewachapishia wahalifu vitambulisho. Shughuli ya daftari ni ya kuchosha, twajua, lakini pasipo daftari beji ni pambo.

Na askari anayo silaha moja huko ambayo haitumiki ipasavyo, nayo ni lugha hii tunayoiandika. Kiswahili ni lugha ya kambi na ya kituo cha polisi. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 ndiyo lugha rasmi ya pili ya taifa. Mkongo wa Nakivale amekuja nayo kutoka kwao. Kwa miaka mingi raia wa nchi hii aliisikia lugha hii kama lugha ya amri, ya "lala chini" na "toa kitambulisho". Sasa inaweza kutumika kwa salamu, halafu swali, halafu asante. Afande atakayemwita dereva kwa jina alilolisoma kifuani atapata habari nyingi kuliko yule amwitaye "wewe". Naye dereva ana haki ya kusoma jina lililo kifuani mwa askari. Koti la mvua lisilifunike siku ya jua.

Limebaki jambo moja, ambalo katika mabaraza ya bia husemwa kwa sauti na katika ofisi husemwa kwa kunong'ona. Baadhi ya pikipiki na teksi zinazofanya kazi kati ya Mbarara na Isingiro ni mali ya askari polisi na ya wanajeshi. Hapana kosa katika hilo. Mshahara wa askari ni mdogo, na mtu kujitafutia riziki ya halali ni sifa. Kosa ni pale kijana anaposimamishwa naye akajibu, "Hii ni ya afande," na kizuizi kikafunguka. Wakuu wa polisi wa wilaya na makamanda wa Makenke wanaweza kulimaliza jambo hili kwa wiki moja, bila kungoja kanuni mpya kutoka Kampala. Pikipiki hizo ndizo ziandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na vijana wanaoziendesha wawe wa kwanza kuvaa beji.