Fleury Belfast: tusihesabu magoli tu

Watu wakitaja msimu wa Theoren Fleury kule Belfast, wanakimbilia hesabu: michezo 34, magoli 22, pasi za magoli 52, na timu yake ya Belfast Giants ikabeba shampiona ya Uingereza ya 2005-06. Siku ya kwanza tu, mbele ya Edinburgh Capitals, alifunga matatu, akatoa pasi nne, na akapigana ngumi. Kwa mtu wa sentimita 168, si mchezo.

Wengine wanacheka. Wanasema Mkanada huyu, bingwa wa Stanley Cup mwaka wa 1989 na Calgary Flames, mwenye medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 2002, alienda kuwaonea wadogo kwenye barafu ya inchi isiyojua hoki. Mimi sikubali.

Tuangalie tarehe. NHL, ligi kubwa ya kule kwao, ilimsimamisha mwezi wa nne 2003 juu ya pombe na dawa za kulevya. Fleury mwenyewe anahesabu siku zake za kuachana na vitu hivyo tangu mwezi wa tisa 2005. Mwezi uliofuata alikuwa Belfast. Basi yale magoli yalifungwa na mtu aliyekuwa anajifunza upya kuamka asubuhi bila chupa. Ligi kubwa ilikuwa imemfungia mlango. Ndogo ikampa kazi. Ni kweli aligombana na waamuzi, hakuwa malaika. Lakini alicheza.

Chanzo cha pombe kilijulikana baadaye. Mwaka wa 2009, katika kitabu chake, alieleza kwamba kocha wake wa ujanani, Graham James, alimnajisi. Kijana alikuwa ameacha wazazi ili acheze, na yule kocha ndiye aliyekuwa na ufunguo wa maisha yake yote ya mbele. Miaka mingi makocha na viongozi walihesabu magoli yake, wakaona ulevi wake, wakamwadhibu. James alihukumiwa miaka miwili mnamo 2012. Korti ya rufaa ikaifanya mitano mwaka uliofuata. Kwangu mimi hata mitano ni kidogo.

Mwaka huohuo wa kitabu, akiwa na miaka 41, Fleury alirudi kujaribu bahati Calgary. Alicheza michezo ya matayarisho, hawakumpa mkataba, akaaga. Safari hii aliondoka mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu.