Si kila aliyevua magwanda ni wa kukaa zamu

Jioni maduka yanapofungwa hapa Bujumbura, kuanzia Buyenzi hadi mtaa wa Asiatique, utawaona wanaume wazima wakifika na makoti mazito na tochi, tayari kukesha mbele ya milango ya watu. Kazi hiyo tunaiita zamu. Si kazi ya aibu, wala sitaki nieleweke hivyo. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mtu aliyetoka jeshini, liwe jeshi la serikali au la msituni, akibisha hodi kwa mfanyabiashara kuomba kazi, hupewa hiyo moja tu?

Tukumbushane tulikotoka. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, na makubaliano ya kusimamisha vita ya mwaka 2003 baina ya serikali na CNDD-FDD, zoezi la kuwarejesha wapiganaji uraiani lilianza Desemba 2004. Zaidi ya watu 20,000 walitoka katika miaka michache iliyofuata, na wale wa FNL wakaja nyuma yao mwaka 2009. Kila mmoja aliahidiwa posho inayolingana na mshahara wa miezi 18 wa cheo chake, ikilipwa kwa mafungu, na juu yake msaada wa kuanzia maisha. Aliulizwa achague: kurudi kwenye kazi ya zamani, shule, ufundi, au biashara ndogo ndogo.

Wengi walichagua biashara. Msaada wenyewe ulikuja kwa bidhaa badala ya fedha taslimu, na si wachache walioziuza siku hiyo hiyo kwa hasara. Ninyi wenye maduka mnajua mlizinunua kwa bei gani. Nami siwalaumu wauzaji hao kama wanavyolaumiwa na wengi. Mtu ambaye hajapata kuuza hata kiberiti, ukimrundikia magunia ya mchele mbele ya nyumba ya shemeji yake, unategemea nini?

Kilichosahaulika ni kuwauliza walikuwa wakifanya nini huko walikotoka. Jeshi si bunduki peke yake. Lina mafundi wa magari, madereva wa malori, wauguzi, watu wa redio, wapishi wa kulisha mamia kwa saa moja, na watunza ghala wanaojua kila sanduku liliingia lini na lilitoka kwa idhini ya nani. Hata msituni, ambako hapakuwa na madaftari wala sare, kulikuwa na mtu wa dawa na mtu wa chakula. Na waliotumwa Somalia kuanzia Desemba 2007, hadi ujumbe wa ATMIS ulipofikia mwisho Desemba 2024, wamefanya kazi hizo ugenini pamoja na majeshi ya nchi nyingine. Wanaostaafu miongoni mwao wanarudi mitaani wakiwa na ujuzi ambao kampuni nyingi hapa hulipia wageni.

Namfahamu mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya mawese anayevusha mizigo kutoka upande wa Uvira. Alimwajiri mstaafu kukaa zamu kwenye hangari yake. Mwaka ukapita. Siku lori lilipogoma likiwa limejaa, fundi wa mjini akataja bei ya kutisha, ndipo mlinzi alipoomba funguo. Kabla ya adhuhuri lori lilinguruma. Miaka kumi na mmoja alikuwa karakana ya jeshi! Tajiri alifurahi, akamwongezea kazi ya kutengeneza malori yote matatu. Mshahara ukabaki ule ule wa zamu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kusita kwamba yule hana cheti.

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Ujuzi unaonekana mchana kweupe, unatumika, unaingiza faida, lakini haulipwi kwa kuwa haujaandikwa popote. Karatasi aliyotoka nayo jeshini inataja jina, namba na cheo chake. Haisemi kwamba anajua kufungua injini na kuifunga.

Upo pia woga, nao tuuseme. Mwajiri anamtaka mwanajeshi wa zamani ili wezi wamwogope, lakini yeye mwenyewe hataki kumwogopa. Kwa hiyo anamweka nje, mbali na hesabu, mbali na wateja, na mwezi ukiisha mshahara haujatoka, anashangaa mtu anaposimama mlangoni na kuuliza kwa sauti kavu. Mfanyakazi mwingine akiuliza hivyo anaitwa msumbufu. Huyu anaitwa mtu wa vita. Wanawake waliopigana wanalijua hili kuliko wote, na ndiyo maana baadhi yao wameamua kutotamka kabisa walikuwa wapi miaka ile, hata kwa waume zao.

Haina maana kwamba wastaafu hawana lao. Jeshini amri inakuja na saa yake, chakula kina saa yake, na anayekuamuru ana alama begani. Kwa mfanyabiashara, bosi ni kijana wa miaka 25 anayesema "tutaona kesho", na kesho yenyewe haifiki. Aliyezoea kuongoza kikosi huanza kuwafokea wapakiaji kana kwamba wako gwaride. Mwingine hukaa akingoja aambiwe, huku mteja amesimama. Hili hutibika kwa mwajiri kusema wazi tangu siku ya kwanza: kazi ni hii, saa ni hizi, wa kuripotiwa ni fulani, malipo ni tarehe fulani. Wanajeshi hushika maelekezo ya aina hiyo kuliko sisi raia.

Ninyi mliorudi kutoka Kigoma najua mnalo la kusema: yeye alipewa posho kwa kushika silaha, sisi tuliokimbia silaha hizo tulipewa nini? Swali ni la haki. Lakini tazameni mlivyo kwenye mashua moja. Mangapi mlijifunza Mtabila kabla haijafungwa Desemba 2012, au Nduta, au Nyarugusu, ushonaji, uashi, ukunga, na mlipofika nyumbani mkaambiwa hayatambuliki? Baadhi yenu mmeona jinsi VETA ya Tanzania inavyompima fundi wa mtaani ambaye hakukaa darasani, ikaangalia kazi ya mikono yake na kumpa cheti. Hakuna sababu ya jambo hilo kuishia Manyovu.

Ombi langu kwa serikali basi si posho nyingine. Jeshi limwandikie kila anayeondoka kazi alizozifanya na kwa miaka mingapi. Vituo vya ufundi vya umma vifungue milango, hata kama ni siku moja kwa mwezi, viwapime kwa vitendo wastaafu na waliorudi kwa pamoja, foleni moja, mtihani mmoja, cheti kimoja. Kwa wale walioondoka zamani bila maandishi, mtihani huo utatosha.

Na kwa ninyi wafanyabiashara: kabla ya kumpa mtu tochi, muulize alikuwa kitengo gani. Akitengeneza lori, mlipe fundi. Mkataba uwe wa maandishi, nakala abaki nayo. Cheti nacho, kitakapokuja, kiandikwe kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, kwa sababu dereva au fundi wa malori hafanyi kazi upande mmoja wa mpaka, na anayemsimamisha ng'ambo ya Kobero hasomi Kifaransa.