Ukiona Vyaelea, Jua Vimeundwa

Jioni moja baada ya sala ya Isha tulikuwa tumeketi barazani kama ilivyo ada yetu, vikombe vya kahawa vinazunguka na kashata zimo sahanini. Mazungumzo yakafika pale yanapofikia kila siku, kwamba dunia imeharibika. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba yangu mzazi, akasema hakuna hata jambo moja ambalo leo ni bora kuliko zamani. Zamani, akasema, samaki walikuwa wanono, vijana walikuwa na adabu, na shilingi ilikuwa shilingi. Wenzangu wote wakaafikiana naye.

Mimi nikamwomba radhi, nikamwuliza: "Mzee wangu, wamjua mtu yeyote aliyekufa kwa malale?"

Akanitazama. "Malale? Malale ndiyo nini, mwanangu?"

Nikamwambia kwamba swali lake hilo ndilo jawabu langu. Maradhi yaliyowafanya watu wahame ardhi yenye rutuba yamesahauliwa hata jina, na sisi hatukushukuru kwa kuwa hatukujua. Hayo niliyomweleza usiku ule ndiyo ninayowaletea leo.

KENDU BAY

Mwaka 1982, nikiwa kijana, nilimfuata mjomba wangu aliyekuwa akiuza vitambaa Kendu Bay, kando ya Ziwa Victoria, katika iliyokuwa wilaya ya South Nyanza. Wilaya hiyo ndiyo leo kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Msidhani nilikwenda ugenini kabisa. Kendu Bay una msikiti wa siku nyingi, na Waislamu wa Kijaluo wapo huko tangu enzi za wakoloni. Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, asili yake ni Kanyadhiang karibu na mji huo, naye alikuwa Mwislamu.

Basi adhana tuliisikia kama kwetu. Lakini habari iliyosemwa sokoni miaka ile ilikuwa ya bonde la Lambwe, lililo kati ya milima ya Gwasi na mteremko wa Kanyamwa. Bonde lina majani tele, ila vichakani mwake huishi mbung'o, na mbung'o wale walibeba vijidudu vya malale kutoka kwa wanyama na ng'ombe wakawatia watu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 maradhi yaliibuka upya kwa nguvu.

Mteja mmoja wa mjomba, mama mtu mzima, alikuwa na mwana mchungaji. Kijana alianza kwa homa na maumivu ya kichwa. Kisha akawa anasinzia mchana na kukesha usiku, na maneno yake hayana mpango. Majirani wakasema amerogwa, siku zikapita katika kutafuta aliyemroga. Alipofikishwa hospitali maradhi yalikuwa yameshaingia ubongoni, na hakupona. Mama yule alikuja dukani kutaka kitambaa cha kumzikia mwanawe. Mjomba alikikata, akakikunja, wala hakupokea pesa. "Chukua, mama," akamwambia, "tutaonana siku nyingine." Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza, na mpaka leo naikumbuka sauti ya ule mkasi.

Na dawa yenyewe ya wakati ule ilikuwa mtihani. Mgonjwa ambaye ubongo wake umeingiliwa alidungwa melarsoprol, dawa iliyoundwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa, wapata watano waliuawa na dawa hiyo hiyo. Hata hivyo madaktari walikuwa hawana budi, kwani malale yasipotibiwa humwua mtu.

KAZI YA MIKONO MINGI

Tarehe 8 Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeyatokomeza malale yasiwe tena tatizo la afya ya umma. Nchi yetu ilikuwa ya kumi duniani kupata cheti hicho. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa humu nchini alionekana mwaka 2009, na mwaka 2012 waligunduliwa nje ya nchi wawili walioambukizwa Masai Mara.

Je, mbung'o walikwenda zao wenyewe? La hasha. Lambwe ilinyunyizwa dawa. Sehemu ya bonde ilitengwa kwa wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, ambamo wamo korongo wa mwisho wa Kenya. Huko Mbita, ufuoni mwa ziwa, kikawekwa kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya mwenzetu. Wataalamu wakatambua kwamba mbung'o huvutwa na rangi ya buluu, na akifika hupenda kutua penye weusi. Ikashonwa mitego ya vitambaa vya rangi hizo mbili, ikatiwa harufu ya mkojo wa ng'ombe, ikasimamishwa vichakani. Wafugaji wakawapaka ng'ombe wao dawa, na wauguzi wakawapima watu damu kijiji kwa kijiji.

Mnaona, ndugu zangu, kwamba mengi katika hayo si maajabu. Ni kitambaa, sindano, mkojo wa ng'ombe, na watu waliokwenda kuitazama mitego mwaka baada ya mwaka. Kitambaa alichokikata mjomba kilikuwa cha maiti, na baadaye kitambaa kikawa silaha ya kuwaokoa walio hai.

UKIMWI NA HESABU ZAKE

Hata hivyo haingefaa nikawasimulia malale nikanyamazia ukimwi, maana huo ndio uliolipiga eneo hili pigo kubwa zaidi. Mwaka 2012 utafiti uliofanywa Ndhiwa, katika Homa Bay, ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na virusi. Miaka ya 1990 kupimwa kulikuwa kama kusomewa hukumu. Nyumba zilifungwa milango, na mabibi waliokwisha kuzeeka wakarudi kulea wajukuu.

Madaktari Wasio na Mipaka walifika Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 hospitali ya serikali ya huko ikawa miongoni mwa za kwanza nchini kutoa dawa za ukimwi bure. Leo mtu humeza kidonge, akalima, akavua, akazaa mtoto asiye na virusi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulisema Homa Bay bado ina virusi mtu mmoja katika kila watu wazima watano, au karibu na hapo. Msomaji atauliza, basi maendeleo yako wapi?

Hapa ndipo hesabu inapoweza kumdanganya mtu. Zamani asilimia ilishuka kwa sababu wagonjwa walikufa. Sasa wagonjwa wanaishi, na mwenye kuishi huhesabiwa. Asilimia ile kubwa, kwa upande mmoja, ni orodha ya watu ambao wangekuwa makaburini.

Tazameni pia watoto. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Nyanza watoto 206 kati ya kila 1,000 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, yaani mmoja katika watano. Kwa Kenya nzima hesabu ya mwaka huo ilikuwa 115, na kufikia mwaka 2022 ilikuwa imeshuka hadi 41. Mwaka 2017 nyumba za Migori zilipuliziwa dawa ya mbu kuta kwa kuta, na Homa Bay ikafuata mwaka 2018. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini, na mahali palipochaguliwa kwa uzinduzi ni Homa Bay. Katika nchi tatu zilizoanza nayo, Malawi, Ghana na Kenya, vifo vya watoto waliostahili kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13.

CHOMBO NA KALAFATI

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sisi watu wa pwani twajua kwamba chombo hakiundwi mara moja kikaachwa. Kila mwaka hupandishwa pwani, kikachokolewa, kikatiwa kalafati mpya, kikapakwa sifa. Nahodha akipuuza msimu mmoja hataona kitu. Akipuuza wa pili, maji yataingia usiku, katikati ya bahari.

Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Sehemu kubwa ya huduma za ukimwi katika kaunti za ziwani ilikuwa ikitegemea fedha za Marekani. Watu walioajiriwa kwa fedha hizo, wale waliokuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani, wengi walijikuta nje kwa siku moja. Virusi havijui siasa. Mtu akikosa vidonge vyake, hurudi kuongezeka mwilini.

Simlaumu aliyetoa, kwani mkono utoao una hiari ya kufungwa. Najilaumu mimi na wenzangu. Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Kenya haijaifikia ahadi hiyo. Tulipoona chombo chaelea, tukasahau kuuliza nani anakitia kalafati.

Nilipozuru tena upande wa Migori nilipelekwa kuuona Thimlich Ohinga, boma la mawe lenye karne kama tano, ambalo UNESCO iliingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018, kama ilivyofanya kwa Lamu mwaka 2001 na Ngome ya Yesu mwaka 2011. Kuta zake, nyingine zenye urefu wa kumpita mtu mara mbili, hazikutiwa chokaa wala udongo. Jiwe limeshikana na jiwe. Waliojenga walihama, wakaja wengine, na kila waliokuja walirekebisha palipolegea. Ndiyo maana bado zimesimama.

Huko Lambwe mbung'o bado wapo, na ng'ombe bado wanaugua. Cheti cha mwaka 2025 hakisemi kwamba adui amekufa. Kinasema kwamba amezuiliwa. Siku watakapochoka wanaoitazama mitego, mama mwingine ataingia dukani kutaka kitambaa.

Mzee wetu alinyamaza kwa muda baada ya maneno hayo. Kisha akasema, "Basi mwanangu, zamani haikuwa njema yote."

"Haikuwa, mzee wangu. Wala leo si mbaya yote."

Akaweka kikombe chini. "Na huko kwetu, mitego yetu huitazama nani?"

Swali hilo hatukulimaliza usiku ule. Nawaachia nanyi, ndugu wasomaji, mlipeleke katika baraza zenu. Na atakapokuja mgombea kuwaomba kura, mwulizeni la afya kwanza, kabla ya kumwuliza la barabara.