Kiwanda cha Nokia na kufuli la godauni letu

Leo naanza na simu. Wengi wetu simu ya kwanza kushika ilikuwa Nokia, ile ya tochi na gemu la nyoka. Ila kabla ya simu, kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda cha nyaya kule Helsinki, Finland, eneo la Ruoholahti. Kiwanda bado kipo, ila ndani sasa wamo wachoraji, wapiga picha, wanamuziki, wacheza dansi na ofisi ndogo ndogo. Wanakiita Kaapelitehdas, yaani kiwanda cha nyaya.

Kwa nini nakileta hapa? Mwaka juzi mimi na washkaji tulikodi kona ya godauni hapa Dar. Mmoja anachapa fulana, mwingine anarekodi muziki, mwingine fundi seremala, mimi na kompyuta yangu moja. Mkataba hatukuwa nao, tulikuwa na "tunaelewana tu". Asubuhi moja tukakuta kufuli jipya mlangoni. Vitu vyetu tulipewa baada ya wiki mbili, fremu za kuchapia zimeshavunjika.

Sasa tuwaangalie wenzetu. Nokia ilipoanza kuhama mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipangisha vyumba vilivyobaki wazi kwa muda. Wasanii wakajaa. Ila jengo lilikuwa linakwenda mikononi mwa Jiji, na Jiji lilikuwa na mpango wa kulikatakata: huku shule, huku hoteli, huku maegesho ya magari. Wapangaji hawakuishia kulalamika kijiweni. Waliunda chama, Pro Kaapeli, wakachora mpango wao mbadala na kuupeleka kwa wakubwa. Mwaka 1991 Jiji likakubali jengo libaki zima, na ikaundwa kampuni ya Jiji ya kuliendesha.

Kampuni hiyo inajiendesha kwa kodi ya wapangaji. Jengo lina zaidi ya mita za mraba 50,000, na ukumbi zilikotengenezwa nyaya za baharini unakodishwa kwa matamasha na maonyesho. Mwaka 2022 ikafunguliwa pale pale nyumba ya dansi.

Najua kuna mtu atasema, "Acha hizo, Finland matajiri." Sawa, lakini miaka ile ya 1991 hadi 1993 uchumi wao ulianguka vibaya, watu kibao wakakosa kazi. Na hapa Bongo inawezekana pia: Nafasi Art Space pale Mikocheni ipo tangu 2008, wasanii wana studio zao.

Mtazamo wangu ni huu: kilichowaokoa wale jamaa siyo kipaji, ni kujipanga kabla ya kufukuzwa. Sisi tulipaka rangi kuta za mtu, tukavuta umeme kwa hela yetu, halafu karatasi yenye sahihi hatuna. Mwenye godauni alikosea kutufungia bila taarifa, lakini na sisi tulimrahisishia kazi.

Kwa hiyo ukipata kona na wenzako, andikishianeni kwanza, rangi baadaye. Sajilini kikundi. Halafu nendeni manispaa na hesabu mkononi: mko wangapi, mnalipa kiasi gani, jengo lilikuwa linaingiza nini kabla yenu. Ukienda na neno "sanaa" peke yake utaambiwa njoo kesho.

Sisi tunatafuta kona nyingine. Safari hii naenda na kalamu. Nawasilisha.