Chuma Nacho Huchoka

Twaa waya mwembamba, uupinde mara moja, haukatiki. Uunyoshe, uupinde tena, kisha tena. Kabla hujachoka wewe, waya umekatika, na pale ulipokatika ukipagusa pana moto. Watoto wetu watengenezao magari ya waya wanalijua jambo hili vyema kuliko wazee wao. Lakini ni wangapi katika sisi tulioketi tukajiuliza: ikiwa nguvu ya mkono ni ile ile, mbona mara ya kwanza waya ulistahimili na mara ya mwisho ukashindwa?

Wataalamu wa fizikia huliita jambo hili uchovu wa madini. Chuma, ijapokuwa machoni petu ni kitu kimoja kizima, ndani yake ni chembechembe zilizoshikamana, na kila chembe ni safu za atomi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila kipindwapo, baadhi ya safu huteleza kidogo sana, wala hazirudi kamili mahali pake. Mitelezo hiyo hukusanyika, hata ukazaliwa ufa mwembamba kuliko unywele. Tangu hapo kila mzigo huusukuma ufa mbele kidogo, mpaka sehemu iliyosalia nzima haitoshi tena kubeba mzigo wa siku zote. Ndipo kivunjikapo, pengine siku ambayo gari halikupakiwa hata nusu.

Wanadamu walijifunza haya kwa gharama ya roho. Tarehe 8 Mei 1842 garimoshi lililokuwa likitoka Versailles kwenda Paris lilivunjika ekseli. Mabehewa yakapandana na kushika moto, na milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Walikufa watu zaidi ya 50. Baadaye Mjerumani August Wöhler alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli chini ya mzigo siku baada ya siku, akihesabu mizunguko. Aliona kwamba kwa chuma uko mpaka: mzigo ukiwa chini ya mpaka huo, ekseli hudumu muda mrefu mno. Alumini haina mpaka ulio wazi kama huo. Na ndege, kama tujuavyo, kwa miaka mingi zimejengwa kwa alumini.

Ndege iitwayo Comet ilikuwa ya kwanza ya jeti kuchukua abiria kwa safari za kawaida. Ilianza tarehe 2 Mei 1952, kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani, na watu wa Uganda waliiona kwa macho yao. Kila ipaapo, hewa hushindiliwa ndani ili abiria wapate kupumua, na ubavu hutuna kidogo, ikitua, hunywea. Tarehe 10 Januari 1954 mojawapo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka karibu na Naples, wakafa 21. Waingereza walitia kiwiliwili cha Comet nyingine katika tangi kubwa la maji huko Farnborough, wakaijaza na kuipunguza shindo la ndani mara kwa mara, kana kwamba inapaa na kutua. Ilikwisha safiri kweli mara 1,221. Baada ya safari 1,836 za tangini ikapasuka, na ufa ulianzia penye pembe ya tundu lililokatwa ubavuni. Penye pembe ndipo nguvu hujikusanya. Ndiyo maana madirisha ya ndege hufanywa ya mviringo.

Mwaka 2023 ilitokea khabari ya ajabu. Wachunguzi wa maabara ya Sandia na wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, huko Marekani, walikuwa wakiuvuta utando wa platinamu wenye unene wa nanomita 40, mara 200 kwa kila sekunde, wakiutazama ufa unavyokua. Baada ya kama dakika 40, sehemu ya ufa ikajiunga yenyewe! Michael Demkowicz alikuwa ameyatabiri hayo kwa hesabu tangu mwaka 2013. Lakini tusifurahi kupita kiasi: jaribio lilifanywa mahali pasipo hewa. Katika hewa ya kawaida, nyuso za madini mengi huvikwa ngozi ya kutu nyembamba inayozuia kushikana.

Wako watakaokimbilia kusema kwamba hata hili limetajwa katika Kitabu. Sura ya 57 yaitwa Al-Hadid, yaani Chuma, nayo yataja ukali wake na manufaa yake kwa watu, hilo latutosha. Kuitundika kila khabari ya maabara juu ya aya ni kuifanya aya imngojee mchunguzi wa kesho.

Lililo juu yetu ni jingine. Ekseli ikivunjika na watu wakafa, husikia mwenye gari akisema, "Ni kadari." Naam, hapana litokealo ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini hebu litazame lile jeraha la chuma. Mara nyingi utaona sehemu mbili. Moja ni laini, ina michirizi kama ile iachwayo mchangani na maji yanapokupwa, na pengine imekwisha ingia kutu. Huo ni ufa wa zamani, uliokuwapo kwa majuma au miezi. Ya pili ni ya kukwaruza, yang'aa. Hiyo ndiyo iliyovunjika siku ile. Fundi aliyeupaka rangi ufa huo, na tajiri aliyemwamuru aupake, wote wawili walikuwa na muda wa kuuona.

Na nyumbani pia: tazama mkono wa ndoo ya kisimani pale unapoingia tunduni, mkono wa baiskeli ya mtoto penye kiungo, na ngazi ya alumini penye misumari. Futa mafuta na vumbi kwanza, kisha pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukinasa, kitoe kitu hicho kazini siku hiyo hiyo.