Mwalimu naye akae dawatini

Wazazi wapenzi, nanyi wanafunzi mnaowasomea wazazi wenu ukurasa huu jioni, habari ya leo mwaijua. Mtoto ametumwa shuleni asubuhi, amevaa shati jeupe na kaptula ya buluu, na kabla jua halijapanda vema mama yake anamwona amerudi, anacheza mpira njiani. Anamwuliza, "Kumetokea nini huko?" Naye anajibu kwa furaha, "Mama, mwalimu amekwenda semina." Hapo ndipo maneno yanapoanza. "Semina tena? Mwalimu huyu ana diploma tangu miaka kumi. Anajifunza nini asichokijua? Na kama hajui, kwa nini alikabidhiwa watoto wetu?"

Swali hilo halifai kudharauliwa. Mzazi aliyeuza mihogo ili anunue madaftari ana haki ya kujua kwa nini siku ya masomo imepotea. Nami niliye mwalimu nitalijibu bila kuwatetea wenzangu kupita kiasi. Maana ziko semina zinazostahili manung'uniko yenu, na ziko nyingine ambazo, lau mngezijua, mngezidai ninyi wenyewe.

Kwanza diploma. Katika Kongo yetu walimu wengi wa shule ya msingi ni watu waliosoma miaka sita ya sekondari katika fungu la pedagojia, wakapata diploma ya Serikali. Ndiyo sababu karatasi za ofisi huwaita D6. Kijana wa namna hiyo amejifunza njia za kufundisha, tena amefanya mazoezi mbele ya darasa la kuazima, huku mwenye darasa akikaa karibu ili watoto wasipige kelele. Kisha siku moja anapewa chaki, na mlango unafungwa. Mbele yake wapo watoto sitini, pengine themanini, na mwenye darasa sasa ni yeye. Madaftari yake ya sekondari hayamwambii afanye nini na yule mtoto wa nyuma kabisa, ambaye midomo yake inatembea pamoja na midomo ya wenzake, lakini sauti haitoki. Ufundi huo hupatikana ndani ya kazi, kwa msaada wa waliotangulia. Seremala hujifunza akiwa kando ya bwana wake miaka mingi, muuguzi vilevile. Mwalimu peke yake ndiye tunayemfungia mlango siku ya kwanza na kudhani kwamba amekwisha kuiva.

Zamani za misioni jambo hili lilijulikana. Chini ya mpango wa masomo wa mwaka 1948, wako walimu waliofundishwa kazi miaka miwili tu, na wengine miaka minne katika shule za wamonitere. Wala hakuna aliyesema kwamba hiyo yatosha. Padri mkaguzi wa shule alizunguka vijijini, akakaa nyuma ya darasa, akasikiliza. Wako waliomwogopa kuliko chui, wala sitasema kwamba ukali ni dawa njema siku zote. Lakini alikaa nyuma ya darasa, na hilo ndilo neno ninalotaka mlishike.

Baadaye mataifa nayo yaliliandika. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, lilipokewa Pendekezo juu ya hali ya walimu, kazi ya UNESCO pamoja na Shirika la Kazi la Kimataifa. Tarehe hiyo, tangu mwaka 1994, ndiyo sikukuu ya walimu duniani, juu ya ile yetu ya Kongo ya tarehe 30 Aprili. Wengi huikumbuka sikukuu, wachache wamesoma maandiko yenyewe. Humo imeandikwa kwamba masomo ya walimu walio kazini yaenezwe, tena yatolewe bila malipo kwa walimu wote. Bila malipo! Neno hilo nitalirudia.

Sasa, semina mnayoinung'unikia ni ya namna gani? Nafikiri ni hii. Barua inatoka mjini: kila shule itume mwalimu mmoja au wawili kwa siku tatu. Wanaketi katika ukumbi mkubwa, mia moja pamoja, na mtu aliye mbele anaamuru maneno ya Kifaransa, nao wanaandika. Wanaambiwa kwamba mtoto asijazwe maneno kama gunia, bali atende mwenyewe. Na kwa muda wote wa siku tatu wao wenyewe wanajazwa kama gunia. Siku ya mwisho hupigwa picha na kugawiwa hati. Aliyefundisha hapo naye alifundishwa mkoani, na yule wa mkoani alifundishwa Kinshasa. Maarifa yamepokezanwa kama maji ya viganja, na kila kiganja kimemwaga kidogo. Mwalimu anaporudi kijijini, daftari lake la semina linalala kabatini, na darasa linaendelea kama zamani. Kwa semina ya namna hiyo, ninyi wazazi mna haki ya kukunja uso.

Lakini tazameni namna nyingine. Haihitaji ukumbi wala picha. Walimu wa darasa la tatu wa shule nne au tano zilizo karibu wanakutana mara moja kwa mwezi, saa za alasiri au Jumamosi, katika darasa tupu. Wanakaa katika madawati ya watoto, magoti yakigonga meza. Kila mmoja amekuja na madaftari kumi ya wanafunzi wake. Wala hakuleta yale mazuri, ameleta yenye makosa.

Tuseme siku hiyo habari ni ya kutoa. Ubaoni imeandikwa 52 kutoa 27. Walimu wanafungua madaftari, wanakuta watoto wengi wameandika 35. Kwa kawaida tunapiga msalaba wa kalamu nyekundu, tunaandika jibu la kweli, 25, tunaendelea. Lakini katika mkutano huu mmoja anauliza, "Kwa nini wote 35? Kama wangekuwa wazembe, mmoja angeandika 40, mwingine 18." Hapo wanaanza kutafuta. Mtoto ameona 2 juu na 7 chini. Ameambiwa tangu darasa la kwanza kwamba kidogo hutolewa katika kikubwa. Basi ametoa 2 katika 7, akapata 5. Halafu 5 kutoa 2, ni 3. Mtoto huyu ametii kanuni, ila kanuni yenyewe aliielewa vibaya, na sisi ndio tuliompa. Msalaba mwekundu haukumfundisha lolote. Kesho atatii tena na kukosa tena.

Basi mwalimu mmoja mzee anatoka nje, anarudi na vijiti. Anafunga mafungu matano ya kumi kumi, anaweka viwili kando: hamsini na mbili. "Nipeni saba," anasema. Viwili havitoshi. Mwenzake anafungua fungu moja, na sasa yako mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Saba vinaondoka, vinabaki vitano. Mafungu mawili yanaondoka, yanabaki mawili. Ishirini na tano. Mtu atasema, hayo yote kwa ajili ya hesabu ya mtoto mdogo? Ndiyo. Mtoto asiyejua kwa nini fungu hufunguliwa atachukia hesabu mpaka darasa la sita, na siku ya mtihani wa taifa ataandika namba kwa kubahatisha.

Kazi haijaisha hapo. Juma linalofuata mmoja wao anafundisha somo hilo kwa watoto wake mwenyewe, na wenzake wanakaa nyuma. Hawakuja kumpa alama, kwa maana alama ni kazi ya mkaguzi. Kila mmoja anachagua watoto watatu na kuwatazama: wanashika vijiti namna gani, wananong'ona nini, wanaacha kufuata dakika gani. Baadaye wanaeleza waliyoyaona. Katika kusoma ni vilevile. Watoto sitini wanapopaza sauti pamoja, "ma, me, mi, mo, mu", mwalimu aliye mbele husikia wimbo mzuri. Aliyekaa nyuma ndiye anayemwona yule wa pembeni anayeimba huku akitazama dirisha. Na yule anayesoma "ng'ombe" kwa sauti ya "ngoma", kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kazi ya kile kialama kidogo.

Wajapani wana desturi hiyo ya kuchunguza somo pamoja tangu karne ya 19. Huiita jugyō kenkyū. Jirani zetu wa Zambia waliianza kwa msaada wa Japani mwaka 2005, katika Mkoa wa Kati. Na sisi watu wa Katanga na Kinshasa tuliona njia nyingine, ile ya IFADEM, iliyoanzishwa na nchi za Francophonie katika mkutano wa Bucharest, mwaka 2006. Majirani wetu wa Burundi walikuwa katika nchi nne za kwanza. Humo mwalimu haachi darasa lake miezi kadha wa kadha: hupewa vitabu vidogo vya kujifunza nyumbani, huonana na wenzake siku zilizowekwa, na mwenye ujuzi hufuatana naye. Mnaona yaliyo sawa katika njia hizo: mwalimu habanduliwi mbali na watoto, na kile alichojifunza Jumamosi hujaribiwa Jumatatu.

Tuseme kweli, walimu wenyewe hawaingii kwa urahisi. Kumruhusu mwenzako akae nyuma ya darasa lako ni kama kumkaribisha jikoni kabla chakula hakijaiva. Mwalimu wa miaka ishirini ya kazi huona aibu mbele ya kijana wa juzi. Mkuu wa shule mwenye busara ataanza na yeye mwenyewe: atachukua chaki, atafundisha, na atawaacha walimu wake wamtazame. Najua wakuu wachache wanaothubutu hivyo, na shule zao zinajulikana.

Sasa nalirudia lile neno, bila malipo. Tangu miaka ya 1990 mzigo mkubwa wa mapato ya walimu uliwakalia wazazi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, ilisema kwamba elimu ya msingi ni ya bure katika shule za umma. Ikaja kutekelezwa Septemba 2019, na shule zetu za Kikatoliki zilizo katika mapatano ya mwaka 1977 na Serikali zimo humo. Watoto waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia shuleni, nasi tulifurahi. Lakini madarasa yalijaa, na njia zilezile za kufundishia watoto arobaini zikavunjika mikononi mwetu. Kwa hiyo mwalimu ahitaji masomo ya nyongeza kuliko zamani, wakati uleule ambapo mfuko wa shule umekuwa mwepesi. Anayeitwa semina mjini mara nyingi hujilipia pikipiki na chakula, mshahara wake haujafika, na watoto wake nyumbani wanangoja. Mkutano wa jirani, wa kwenda kwa miguu, unapita shida hiyo kwa sehemu. Si yote: hata huko yahitajiwa karatasi, chaki, na sahani ya chakula kwa aliyetembea kilomita kumi. Kamati ya wazazi yaweza kufikiri juu ya sahani hiyo. Mambo ya mshahara yabaki mlangoni pa Serikali, na yasitoke hapo.

Nanyi wazazi, mara nyingine mtoto akirudi na habari ya semina, msimalize maneno njiani. Nendeni kwa mkuu wa shule, mumwulize kwa heshima: mwalimu amekwenda kujifunza somo gani, na ni lini wenzake watamwona akilifundisha? Mwulizeni tena kama mkutano wenyewe hauwezi kuwekwa saa za alasiri, watoto wakiisha kwenda nyumbani. Akiwa na majibu, mvumilie. Asipokuwa nayo, leteni maswali hayo katika mkutano wa wazazi, na muombe yaandikwe katika kitabu cha mkutano pamoja na tarehe.