Maji yanayovujia chini ya sakafu: nani anayalipia, na utayajuaje?

Kwa miaka mingi habari za maji vijijini zilikuwa habari za kisima, umbali na foleni ya ndoo. Siku hizi kuna swali jingine: bili. Mtu ana koki moja uani na nyingine jikoni, familia ni ile ile, lakini uniti zimepanda mara mbili. Akienda kuuliza anaambiwa dira haidanganyi. Akirudi nyumbani haoni hata tone. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, na maji yenyewe yako chini ya miguu yake, chini ya zege alilolimwaga kwa jasho lake.

Tuangalie kwanza tulivyofika hapa. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ndiyo iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, ulioanza kazi Julai mwaka huo. Uendeshaji wa miradi ukawekwa chini ya vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vile ambavyo wengi mnavijua kwa kifupi chake, CBWSO. Lengo la Serikali lilikuwa kufikia asilimia 85 ya wakazi wa vijijini ifikapo mwaka 2025, na ukombozi huo ukapewa jina la kumtua mama ndoo kichwani. Kituo cha kuchotea kikishajengwa kijijini, mwenye uwezo huomba kuvutiwa maji mpaka nyumbani. Na nyumba zenyewe zimebadilika. Choo na bafu vimeingia ndani, sinki limefika jikoni, sakafu imewekwa vigae. Bomba ambalo zamani lingepita uani likionekana, sasa limezikwa chini ya jamvi.

Kwa utaratibu wa kawaida, mpaka wa wajibu ni dira. Bomba lililo kabla ya dira ni la mtoa huduma, na likipasuka ni kazi yake kuliziba. Kinachotoka kwenye dira kuelekea nyumbani ni chako, na kila lita iliyopita pale utailipia, iwe umeinywa au imezama ardhini.

Kuna jambo hapa ambalo halisemwi sana. Kila mwaka EWURA hutoa taarifa ya mamlaka za maji, na kwa miaka kadhaa taarifa hizo zimeonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa hayaleti mapato. Kenya hali ni mbaya zaidi, ni zaidi ya asilimia 40. Tukisikia takwimu hizo tunadhani maji yote yanayovuja yamo humo. Hapana. Maji yanayovuja chini ya nyumba yako hayamo, kwa sababu yameshapita kwenye dira. Kwenye vitabu, maji hayo yameuzwa. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, mwananchi asikae kusubiri aje mtu kumwambia kwamba bomba lake linavuja. Anayeumia mfukoni ni yeye peke yake.

Na kuumia kwenyewe si kwa kubahatisha. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Chukua tundu dogo linalotoa robo lita kwa dakika, glasi moja tu. Kwa siku ni lita 360, ndoo 18. Kwa siku 30 ni lita 10,800, karibu uniti 11. Kama mradi wenu unatoza shilingi 1,500 kwa uniti, hizo ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi zinazokwenda kunywesha udongo. Kwa wenye dira za malipo ya kabla hakuna deni linalolimbikizwa, lakini uniti ulizonunua zinaisha kabla ya wakati na koki inakauka. Katika hili dira hizo zina faida moja: mwenye nyumba anagundua mapema kuliko yule anayesubiri bili ya mwezi.

Kupima mwenyewe

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi, kinahitaji simu. Usiku, watu wakishalala, funga koki zote, hakikisha tangi la choo limejaa na tenki la juu halipokei maji. Nenda kwenye dira, piga picha namba zote, hata zile nyekundu za mwisho. Alfajiri, kabla mtu hajachota, piga picha nyingine. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanapita. Dira nyingi pia zina kigurudumu au pembetatu ndogo inayozunguka hata maji yakipita kidogo sana; ikizunguka wakati kila kitu kimefungwa, jibu umeshalipata.

Angalizo kwa maeneo ya mgao: pima usiku ambao maji yapo na yametulia. Maji yanaporudi baada ya kukatika, hewa iliyomo bombani hutangulia na inaweza kuizungusha dira. Kipimo cha saa hiyo kitakudanganya.

Ukishajua kwamba panavuja, tafuta ni wapi. Hapa ndipo koki ya kufungia inayowekwa mahali bomba linapoingia nyumbani inapokuwa na thamani kuliko bei yake. Ifunge. Dira ikiendelea kuzunguka, tatizo liko uani, kati ya dira na nyumba, na hilo ni la jembe tu. Ikisimama, tatizo liko ndani. Kabla hujagusa sakafu, tia rangi ya chakula au juisi ya unga kwenye tangi la choo na ukae nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mwizi ni mpira wa tangi, na hugharimu kidogo sana kuubadilisha. Tumetaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo waliovunja vigae kwa kosa la choo.

Choo kikiwa salama, nyumba yenyewe ina dalili zake. Sehemu ya sakafu haikauki hata kiangazi. Ukuta unatoka unga mweupe wa chumvi chini, rangi inabanduka upande mmoja tu. Mchwa au sisimizi wameanza kupanda mahali ambapo hawakuwapo. Unyevu wa kawaida wa ardhini huja na masika na kupungua jua likikaa. Wa bomba haujali msimu. Mafundi wa zamani huweka ncha ya chuma kwenye bomba au sakafuni na sikio kwenye mpini wake, usiku wa manane, wakisikiliza mlio wa maji yanayochirizika. Si ushirikina. Vifaa vya kisasa vya kusikilizia vinavyotumika mijini vimejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo, vimeongezewa kipaza sauti tu. Wengine hujaza bombani mchanganyiko wa naitrojeni na haidrojeni kidogo, kisha wakafuata kwa kifaa mahali gesi inapotokea sakafuni. Kwa mtu wa kijijini gharama ya kumleta fundi wa aina hiyo inaweza kuzidi thamani ya bomba lote.

Zaidi ya bili

Hasara nyingine ni ya nyumba. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, maji ya upande mmoja wa msingi huinua upande huo na nyufa zikaanza kupanda kutoka pembe za madirisha. Kwenye mchanga, maji hubeba chembe taratibu na kuacha shimo chini ya jamvi. Kuta za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo huvumilia kidogo.

Halafu kuna afya. Tundu linalotoa maji yakiwa na nguvu linaweza kuvuta uchafu yakikatika. Bomba likipita karibu na shimo la choo, katika maeneo ya mgao, hatari hiyo si ya kupuuzwa, na maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe mpaka bomba litengenezwe.

Fundi akikushauri kuvunja sakafu nzima kutafuta tundu, tunashauri umwulize swali moja kwanza: kwa nini tusiliache bomba hilo hapo lilipo? Kulikata mwanzo na mwisho, kuliziba, kisha kupitisha jipya ukutani au kuzunguka nyumba kwa nje, mara nyingi ni nafuu, na likiharibika tena utaliona. Anayejenga sasa ana nafasi nzuri zaidi: chini ya jamvi kusiwe na kiungio chochote, bomba lipite ndani ya bomba kubwa zaidi lenye mchanga kuzunguka, na lijazwe maji na kuachwa na presha usiku mzima kabla zege halijamwagwa. Mafundi wengi huruka hatua hii ya mwisho kwa sababu siku ya zege vibarua na mashine vinasubiri. Mwenye nyumba ndiye wa kusema hapana.

Kama umefunga kila kitu, dira imesimama usiku kucha, na bili bado ni kubwa, basi tatizo huenda ni usomaji au dira yenyewe. Peleka picha zako kwenye chombo chenu cha maji, kwa maandishi, na omba dira ipimwe. Usipojibiwa, nenda ofisi ya RUWASA ya wilaya. Kwa anayehudumiwa na mamlaka ya maji ya mjini, ngazi inayofuata ni EWURA. Picha zisifutwe kwenye simu mpaka shauri limekwisha, kwa sababu ndizo zinazoonyesha tarehe na saa.